Miaka ya Kunyonya na Miaka ya Kazi: Mvutano juu ya Umri wa Mtoto katika Kambi za Shaba za Lualaba

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotaja tendo la kumtenga mtoto na ziwa la mama yake. Kuachisha ndilo neno la kila siku. Kulikiza ni neno la wazee, na halisikiki sana siku hizi isipokuwa katika kamusi na vinywani mwa wanawake wa makamo. Lipo pia neno la tatu, kubemenda, litumikalo pwani na sehemu za bara ya Tanzania, ambalo hutaja madhara yanayosemekana kumpata mtoto ambaye wazazi wake wamekaribiana kabla hajaacha kunyonya: hukonda, hulegea viungo, huchelewa kusimama. Mtu anaweza kuyaona maneno haya kuwa mabaki ya itikadi za kale tu. Lakini yakitazamwa kwa pamoja yanaonyesha kwamba muda wa kunyonya ulikuwa na sheria zake, mipaka yake na adhabu yake, na kwamba wenye kuilinda sheria hiyo walikuwa wanawake.

Huko Katanga, bara kabisa, mbali na pwani, sheria ya namna hiyo ilijulikana kwa majina mengine. Miongoni mwa Waluba, Wasanga, Walunda na jirani zao mtoto alinyonya miaka miwili, pengine mitatu, na katika muda huo baba na mama hawakulala pamoja. Mtoto alibebwa mgongoni, akaachwa atambae na kutembea kwa wakati wake, na mdogo wake hakutakiwa kuja kabla yeye hajaweza kula na kukimbia na wenzake. Makala haya yanakusudia kuonyesha yaliyoupata muda huo pale kampuni ya migodi ilipouona kuwa mrefu mno.

Inafaa kukumbukwa kwamba katika nchi za magharibi malalamiko juu ya kuwaharakisha watoto yana sura nyingine. David Elkind, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha The Hurried Child mwaka 1981, alikuwa na wasiwasi juu ya watoto wa shule wanaosukumwa na wazazi wao wenyewe kwenye mashindano, mitihani na mavazi ya watu wazima. Katika kambi za shaba aliyeharakisha hakuwa mzazi. Alikuwa mwajiri, na mzazi ndiye aliyevuta breki.

Kambi na hesabu ya watoto

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mjini Brussels mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi kampuni iliishi kwa jasho la wanaume wa mkataba mfupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, waliowekwa kambini bila wake zao. Walikufa kwa wingi, walitoroka kwa wingi, na waliobaki walirudi kwao mara walipokuwa wamekwisha kujifunza kazi. Kila mwaka ilibidi kutafuta wengine mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1925 watu walichukuliwa hata kutoka Ruanda-Urundi, safari ya majuma, kwenda kwenye hali ya hewa na chakula wasichokizoea.

Mnamo miaka ya 1927 na 1928 kampuni iligeuza mwendo. Mkataba ulifanywa kuwa wa miaka mitatu, mfanyakazi akashawishiwa kuoa au kuja na mke, na nyumba za familia zikaanza kujengwa. Msimamizi mkuu wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo marefu ya mafanikio yake katika miaka ishirini. Si jambo la bahati kwamba mwenye kuongoza idara ya wafanyakazi alikuwa tabibu. Mfanyakazi alitazamwa kama mwili unaogharimu fedha kuupata, kuulisha na kuuzoesha, na mwili ulio rahisi kuliko yote ulikuwa ule uliozaliwa palepale kambini. Mtoto wa kambi hakuhitaji wakala wa kumsaka kijijini wala nauli ya treni. Hakuhitaji kuzoeshwa king'ora, saa na mashine. Alikuwa mfanyakazi wa miaka kumi na mitano ijayo.

Hapo ndipo ziwa la mama lilipoingia katika daftari. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: mwanamke anayenyonyesha miaka mitatu na kujitenga na mumewe katika muda huo huzaa kila baada ya miaka minne hivi; akiachisha mtoto baada ya mwaka mmoja, anaweza kuzaa kila baada ya miaka miwili. Kufupisha utoto wa mkubwa kulikuwa ndiyo njia ya kumleta mdogo.

Kampuni haikuwa peke yake katika kutaka hivyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu ya kupungua kwa watu, hofu iliyotokana na maradhi na ukatili wa miaka iliyotangulia ambao serikali hiyo na ile iliyoitangulia zilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Wamisionari nao walikuwa na sababu zao. Waliona kwamba mume anayekatazwa mkewe kwa miaka mitatu atatafuta mke wa pili, na hivyo kunyonyesha kwa muda mrefu kukahesabiwa kuwa mshirika wa ndoa za mitala. Ikiwa mtoto angeachishwa mapema, mume angerudi nyumbani na ndoa ya Kikristo ingesalimika. Ni nadra katika historia ya ukoloni kuona mhasibu, daktari na padre wakikubaliana kwa urahisi namna hii juu ya jambo moja, na jambo lenyewe likiwa ni lini mtoto mchanga ale uji.

Chombo cha kutekelezea mpango huo kililetwa kutoka Ulaya. Mwaka 1894 daktari Léon Dufour alianzisha katika mji wa Fécamp, Ufaransa, huduma aliyoiita Goutte de Lait, tone la maziwa, ili kuwaokoa watoto wa maskini waliokuwa wakifa kwa kuhara. Huduma hiyo ilienea Ubelgiji, na kutoka huko ikavuka hadi Kongo. Kule Fécamp tatizo lilikuwa watoto waliokosa ziwa la mama. Huko Katanga ziwa lilikuwepo tele, nayo maziwa ya ng'ombe yalikuwa haba. Dawa ilisafirishwa, bali ugonjwa haukuwa ule.

Mama na uji wa kampuni

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya nafasi za uzazi na kunyonyesha katika Kongo ya Kibelgiji, ameonyesha jinsi kazi hii ilivyokabidhiwa kwa wanawake wa Kizungu, masista na wake wa maofisa, waliofungua kliniki za watoto, wakapima uzito, wakagawa maziwa na kufundisha mapishi ya uji. Katika kambi za Union Minière mpango ulikwenda mbali zaidi kuliko mahali pengine, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyoshika chakula chote. Mfanyakazi, mkewe na watoto waliishi kwa posho iliyopimwa kwa juma, na posho inaweza kuongezwa au kucheleweshwa. Mama aliyehudhuria kliniki alipata zawadi. Mtoto aliyekwisha kuachishwa alikula katika kantini ya watoto, palepale, chini ya macho ya msimamizi, ili chakula kisipelekwe nyumbani na kugawiwa wengine.

Akina mama walipinga, lakini upinzani wao haukuwa wa kelele. Haukuwa na kiongozi wala siku ya kukumbukwa, tofauti na mgomo wa Desemba 1941 ambao askari waliumaliza kwa risasi katika uwanja wa michezo wa Elisabethville. Mama alikwenda kliniki, akampandisha mtoto kwenye mizani, akasikiliza mafundisho, akapokea alichopewa, kisha akarudi nyumbani na kuendelea kunyonyesha. Uji alimpa baba wa mtoto, au ndugu zake wakubwa, au aliula mwenyewe ili apate maziwa. Madaktari waliyaita mambo haya ukaidi, uvivu, au nguvu za ushirikina na za mabibi wazee. Hapakuwa na uvivu wowote. Mwanamke aliyejikuta kati ya amri ya kampuni na sheria ya mama yake alizitii zote mbili kwa nje, na kwa ndani akafuata ile aliyoiamini.

Je, imani yake ilikuwa na msingi? Ushahidi ulikuwa ukikusanywa miaka hiyo hiyo upande wa pili wa Afrika. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na tumbo, wenye nywele zilizobadilika rangi, ambao walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935 aliupa jina alilolikuta katika lugha ya Kiga, kwashiorkor, ambalo maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Wanawake wa Accra walikuwa wamekwisha kuufahamu ugonjwa, chanzo chake na wakati wake, wakaviweka vyote katika neno moja. Mtu asomaye maelezo ya Williams sambamba na neno la Kiswahili kubemenda hawezi kukosa kuona kwamba maneno hayo yanachunga mlango mmoja. Moja linaonya juu ya kitendo cha wazazi, jingine linataja matokeo kwa mtoto. Ufafanuzi wa kisayansi ni tofauti, lakini onyo ni lile lile: asije mwingine kabla huyu hajawa tayari.

Haifai hata hivyo kuifanya hadithi hii iwe ya malaika na mashetani. Kliniki za kampuni ziliokoa watoto wengi waliokuwa wafe kwa malaria, nimonia na kuhara, na akina mama walilijua hilo; ndiyo maana walikwenda. Aidha, baadhi yao walifurahia kupata watoto wengi kwa karibu, maana mtoto aliongeza posho na heshima. Na kambi yenyewe iliivunja sheria ya zamani kwa namna ambayo hakuna daktari aliyeipanga. Kijijini mwanamke aliyejifungua aliweza kurudi kwao, au kulala na mama mkwe, na umbali huo ulikuwa ndio ulinzi. Kambini walikuwa mke, mume na watoto chini ya paa moja dogo, na bibi alikuwa mwendo wa siku nyingi kwa treni na miguu. Kiwango cha kuzaa katika kambi za Union Minière kilipanda sana kufikia miaka ya 1940 na 1950. Kampuni ilijipongeza kwa matokeo hayo, ingawa sehemu yake ilitokana na ufinyu wa nyumba.

Kolwezi: uzazi usiohesabika

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi. Ruwe, Musonoi na baadaye Kamoto ni majina ya migodi kabla ya kuwa majina ya mitaa. Kufikia wakati huo ratiba ya mtoto wa kambi ilikuwa imekwisha kupangwa tangu kliniki hadi kantini, hadi shule ya wadogo, hadi shule ya msingi iliyokuwa mikononi mwa wamisionari, na mwisho karakana kwa wavulana na mafunzo ya unyumba kwa wasichana. Kila hatua ilikuwa maandalizi ya hatua iliyofuata, na ya mwisho ilikuwa lango la mgodi.

Ni katika mji huu wa hesabu ndipo pakazuka jambo linalostahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1953 padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alipewa kazi Kolwezi. Pamoja na wafanyakazi wa Musonoi na wake zao alianzisha kile kilichokuja kuitwa Jamaa. Johannes Fabian, aliyekiandikia kitabu mwaka 1971, ameeleza jinsi mafundisho yake yote yalivyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga na kujengwa juu ya nguzo tatu: uzima, uzazi, mapendo. Wanajamaa waliitana baba na mama. Mtu aliingia kwa kuzaliwa upya kupitia wanandoa waliomlea, akapitia njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna aliyeweza kurukishwa njia kwa sababu ya kipaji au cheo chake.

Jamaa haikuanzishwa ili kupinga kliniki za kampuni, na hakuna sababu ya kuipachika nia hiyo. Hata hivyo, uchaguzi wa neno uzazi una uzito wake. Kwa mwajiri uzazi ulikuwa idadi mwishoni mwa mwaka. Wafanyakazi wale wale, katika lugha ile ile waliyoamriwa kwayo kazini, walilitwaa neno hilo wakalipa maana ya kazi ndefu ya watu wawili kumkuza mwingine kwa mapendo, kazi isiyopimika kwa mizani. Wataalamu wengi wamesoma Jamaa kama sura ya dini na ndoa. Ingesomwa pia kama jibu la watu waliokuwa wamefundishwa kuhesabu watoto wao.

Posho inapokatika

Baada ya uhuru mambo yaligeuka kwa namna ambayo wale madaktari wa zamani wasingeitabiri. Union Minière ilitaifishwa kuanzia mwaka 1967 na mrithi wake akaitwa hatimaye Gécamines. Kampuni ya taifa ilirithi hospitali, shule na posho. Vita vya mwaka 1978 viliitikisa Kolwezi, lakini uzalishaji ulirudi, na mwaka 1986 ulizidi tani 470,000 za shaba. Katika miaka hiyo mtoto wa Gécamines alikuwa mtoto kwa muda mrefu kuliko baba yake alivyokuwa: alisoma, alitibiwa, na wengi walifika hata chuo kikuu. Chombo kilichojengwa ili kuharakisha kilikuwa kimeishia kurefusha, kwa sababu tu kilikuwa na chakula.

Anguko lilikuja kwa haraka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kwa nguvu. Katikati ya muongo huo shaba yote haikufika tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ilikoma kulipwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina ambalo nusu yake ni Kiswahili: Bana Shaba abandonnés par leur père, wana wa shaba waliotelekezwa na baba yao. Baba katika jina hilo ni wawili. Ni yule mfanyakazi asiyeweza tena kulisha nyumba yake, na ni kampuni iliyowahi kujiita mzazi.

Kwa hiyo haraka ilirudi Kolwezi bila kliniki wala mizani. Mnamo mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, wengi katika kobalti. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 iliwataja watoto wa umri wa miaka saba waliookota, kupepeta na kuosha mawe hadi saa kumi na mbili kwa siku, kwa dola moja au mbili. Katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walianza kuchimba chini ya sakafu za nyumba zao mwaka 2014, watafiti wa Lubumbashi na Leuven walipima mkojo wa wakazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018: viwango vya kobalti vilikuwa vya juu, na kwa watoto vilikuwa vya juu zaidi.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya haraka hii na ile ya mwaka 1930. Wakati ule mama aliweza kuupokea uji wa kampuni na kuendelea kunyonyesha. Sasa hakuna anayempa kitu cha kupokea. Sheria zipo: Katiba ya mwaka 2006 inaahidi elimu ya msingi ya bure, sheria ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na tangu Septemba 2019 ada za shule za msingi za serikali zilifutwa. Lakini katika nyumba isiyo na posho, mtoto anayekwenda shule ni kilo kadhaa za mawe ambazo hazikuoshwa siku hiyo, na mama ndiye anayelifanya hesabu hilo kila asubuhi. Wapo wanaoamua kulala na njaa. Uamuzi huo hauandikwi katika ripoti yoyote, kama vile haukuandikwa ule wa bibi zao ila kwa jina la ukaidi.

Masista wa Bon Pasteur walifika Kolwezi mwaka 2012 chini ya uongozi wa Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya, wakafungua mahali pa kusomea kwa watoto waliokuwa migodini. Haukupita muda wakaona kwamba darasa peke yake halitoshi. Sambamba na masomo ya watoto wakawaanzishia akina mama mashamba na shughuli nyingine za kipato, ili mahindi na mboga za msimu ziweze kushika nafasi ya yale mawe.